Umekwama Ukurasa wa Ngapi? Kutafuta Woga Ulikojificha Katika Uandishi

Mtu akiniambia amekwama kuandika, simuulizi anajisikiaje. Namuuliza amekwama ukurasa wa ngapi.

Woga wa mwandishi haupendi kujitaja jina. Hauji ukasema "naogopa kushindwa" au "naogopa kubadilika". Huja ukisema sina muda, hadithi haijaiva, ngoja nisome riwaya moja zaidi, nadhani nianze upya kwa nafsi ya kwanza. Ndiyo maana kumwambia mtu "usiogope" hakumsaidii kitu, maana hajui kama anaogopa. Lakini mahali anapokwama huwa pale pale kila mara, na kila mahali pana woga wake. Nimelijua hilo kwa miaka mingi ya kusoma miswada ya wenzangu, na kwa kukwama kwangu mwenyewe. Tafuta dalili yako hapa chini, zisizokuhusu zipite.

Una mianzo kumi, huna mwisho hata mmoja

Fungua simu yako uangalie majina ya mafaili: "Hadithi mpya", "Hadithi mpya 2", "Hadithi hii sasa". Kila moja ina kurasa nne au tano, kisha kimya. Ukiulizwa utasema wazo lilikuishia, na lingine zuri zaidi likaja.

Angalia hilo lingine lilikuja lini. Niliwahi kusoma mswada wa kijana mmoja aliyekuwa ameandika matoleo matano ya hadithi ile ile: msichana amefukuzwa chuo na anawaficha wazazi. Matoleo yote matano yalikatika jioni ile ile, baba akiwa ameshika simu ampigie mkuu wa kitivo. Kila alipofika hapo mwandishi alipata wazo jipya: aanze na mama, aanze mwaka mmoja nyuma, aifanye barua. Hakuwa ameishiwa. Alikuwa amefika kwenye dakika ambayo mtu wa hadithi lazima afanye jambo, na likishafanyika, hadithi inakuwa hiyo na si nyingine. Mwanzo una raha yake kwa sababu bado unaweza kuwa hadithi bora kuliko zote. Iliyokwisha ni hiyo tu, na watu wataisoma waseme.

Nilimwomba aandike dakika ile peke yake, mistari sita, bila kujali kilichotangulia. Akaandika: simu inaita, mkuu wa kitivo anapokea, baba anasikiliza, anashukuru, anakata. Kisha anasogeza sahani na kumwongezea binti ugali. Hasemi neno. Alipomaliza alinitazama kama mtu aliyeona kitu barabarani. Hakuwa amejua kwamba baba angenyamaza.

Kwa hiyo, kama hii ndiyo dalili yako, andika mwisho leo. Uandike vibaya, mistari mitano tu, lakini uwe mwisho wa kweli, mtu awe ameamua au ameamuliwa. Halafu achana na riwaya kwa mwezi mmoja, uandike hadithi tatu za maneno 500 na kuzimaliza zote. Mkono unahitaji kuzoea kumaliza, na haujifunzi hilo kwa kitu cha kurasa 300.

Sentensi ya kwanza umeiandika mara thelathini

Hapa hujafika hata ukurasa wa pili. Unaandika, unafuta, unaandika. Ukiangalia saa, jioni yote imekwisha na una mstari mmoja.

Wengi wetu tulipata ugonjwa huu darasani. Nchini Kenya insha ya mtihani wa darasa la nane ilikuwa ya alama 40 hadi mtihani ule ulipokoma mwaka 2023, na watoto walikaririshwa mapambo ya kufungulia: jua, ndege, miale, umande, methali moja. Tanzania nako kalamu nyekundu ilifanya kazi yake. Tulijifunza kwamba sentensi ya kwanza ni ya kumridhisha anayesahihisha. Miaka ishirini baadaye msahihishaji hayupo, ila tunaendelea kumwandikia.

Tazama mstari huu, kutoka mswada niliowahi kuupitia kwa ruhusa ya mwenyewe:

"Ilikuwa asubuhi tulivu ya Jumatatu, jua likichomoza na kutandaza miale yake ya dhahabu huku ndege wakiimba nyimbo tamu mitini."

Hauna kosa. Tahajia safi, sarufi safi. Nilimuuliza: siku hiyo kulitokea nini? Akajibu papo hapo, bila kufikiri: "Kaka alirudi bila viatu." Nikamwambia aandike hivyo hivyo. Alisita sana. Mstari wa kwanza ungeweza kuandikwa na mtu yeyote, na kwa hiyo hakuna ambaye angemlaumu kwa huo. Wa pili ulikuwa wa kwao. Mtu akiucheka, amemcheka yeye na kaka yake.

Dawa yake ni ya mikono. Tafuta daftari la bei rahisi na kalamu ya wino isiyofutika. Andika kurasa za kushoto tu. Za kulia ziache tupu, ni za mhariri, naye hana ruhusa ya kufika mpaka kesho yake. Ukiona sentensi mbaya upande wa kushoto, endelea. Kesho ukae na kahawa yako, usome, uandike upande wa kulia unachotaka kubadilisha. Kazi zile mbili hazikai vizuri kichwani kwa wakati mmoja. Anayetunga anahitaji kukosea, na anayehariri kazi yake ni kukataa makosa. Ukiwaweka chumba kimoja, mhariri hushinda, kwa sababu yeye alifundishwa shuleni na mwenzake hakufundishwa.

"Kiswahili changu si cha pwani"

Hii naisikia kutoka Mwanza, Eldoret, Bukavu, hata kwa waliozaliwa Dar es Salaam ila wazazi wametoka bara. Mtu ana hadithi, lakini kila neno analiendea kwenye kamusi, mwishowe anaandika Kiswahili kigumu ambacho hata yeye hakisemi.

Mwandishi Euphrase Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 Ukerewe, kisiwani ndani ya Ziwa Victoria, na lugha ya kwao ilikuwa Kikerewe. Huwezi kusimulia historia ya riwaya ya Kiswahili ukamruka. Hakuandika kama mtu wa Mvita, yaani Mombasa, wala wa Lamu, na ziwa limo ndani ya kazi zake.

Basi andika kama unavyomsimulia ndugu yako. Neno usilokuwa na uhakika nalo lipigie mstari chini, usonge mbele. Kamusi ifunguliwe siku ya mwisho. Na wahusika wako waongee kama watu wa mtaa wao, maana mama wa Kakamega anayezungumza kama mwanachuoni wa Zanzibar hatamdanganya msomaji.

Unaandika vizuri, ila unaandika kile kile

Dalili hii ndiyo ngumu kuliko zote kuiona, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Kazi inakamilika, watu wanaisifu. Lakini kila shairi lina umbo lile lile, kila hadithi ina mtu yule yule anayerudi kijijini, na wewe mwenyewe ukikaa kuandika huna tena mshtuko wowote. Mtu akipendekeza ujaribu jambo jingine unahisi ametukana.

Nilikuwa hapo kwa miaka. Nilikulia kwenye mashairi ya arudhi: mishororo minne, mizani (silabi) kumi na sita kila mshororo, vina vya kati na vya mwisho. Naupenda utunzi huo mpaka leo. Ubeti huu ni wangu, juu ya mama yangu aliyetulea kwa kuuza vitumbua:

*Mama huamka giza, jogoo bado kuwika,*
*Moto akiupuliza, mafuta yakichemka,*
*Vitumbua ageuza, wala hasemi "nachoka",*
*Na sisi tumejilaza, mwanga bado kutufika.*

Nilikuwa nikiusoma mbele za watu na wanashangilia. Mwenzangu mmoja, mtunzi wa mashairi huru, aliniuliza swali moja tu: "Kweli hakusema?"

Alisema. Nakumbuka asubuhi yenyewe. Kilichoniletea "wala hasemi nachoka" ni kina cha -ka na mazoea: mama wa mashairi hachoki. Umbo lilinipa njia ya kupita pembeni ya jambo lile nami nikaishika, shukrani juu. Mwenzangu akanishauri niandike asubuhi ile bila vina wala mizani. Nilikataa miezi mitatu. Nilikuwa na sababu nzuri: kwamba hayo si mashairi, kwamba nitawaangusha walionifundisha, kwamba sina uzoefu. Sababu zote zilikuwa na chembe ya ukweli, na zote zilikuwa woga. Kwenye arudhi nilikuwa fundi. Huku ningekuwa mwanafunzi tena mbele ya watu walionijua kama fundi.

Mwishowe niliandika:

*Mama alisema amechoka.*
*Alisema mara moja,*
*akiwa ameupa mlango mgongo,*
*mkono mmoja kwenye mpini wa kikaango,*
*na mimi chini ya shuka*
*nikajifanya sijasikia.*

Sikujua, mpaka nilipofika mstari wa mwisho, kwamba shairi lilikuwa juu yangu.

Ugomvi wa aina hii una historia kwetu. Mwaka 1954 mshairi Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu kilichoziweka sheria za utunzi kwa maandishi, na watunzi wengi walikishika kama msingi. Miaka ishirini baadaye, 1974, Kezilahabi akatoa diwani yake ya kwanza, *Kichomi*, yenye mashairi yasiyofuata vina na mizani. Waliolelewa kwenye arudhi walisema hayo si mashairi ya Kiswahili, na mabishano yaliendelea kwa miaka. Ninachokishika katika habari hiyo ni kwamba alikuwa amekwisha kufahamika kwa riwaya. Alikuwa na kitu cha kupoteza. Na baadaye, alipokuwa tayari na wasomaji wa riwaya zake za maisha ya kila siku, aliwaacha tena njiani akaandika *Nagona* na *Mzingile*, vitabu vifupi vilivyojaa ndoto na mafumbo ambavyo mpaka leo wanafunzi wa chuo wanakuna navyo vichwa.

Sisemi kila mtu aache arudhi. Ningeudhika mtu akinielewa hivyo. Baada ya shairi lile nilirudi kwenye ubeti wangu wa zamani na nikagundua kwamba mizani haikunizuia chochote. Mshororo wa tatu sasa unasomeka hivi:

*Vitumbua ageuza, kanambia "nimechoka".*

Mizani nane upande huu, nane upande ule, kina cha -ka mahali pake. Nafasi ilikuwapo siku zote. Ila nisingeiona bila kutoka nje kwanza.

Ukitaka kujaribu, usibadilishe kila kitu. Badilisha kitu kimoja, na ukifanye kwenye kazi ambayo hukusudii kumwonyesha mtu. Kama wewe ni wa arudhi, chukua ubeti ulioupenda kuliko wote, uandike upya bila kina, kisha utafute neno lililokuja kwa ajili ya kina peke yake. Kama huandika hadithi za kijijini, mhamishie mhusika wako Kariakoo saa tisa mchana akiwa na mzigo kichwani. Kama huandika kwa "mimi", mpe jirani asimulie. Hesabu iwe saa moja, siku tatu. Siku ya kwanza utaandika vibaya, na hapo ndipo wengi huacha wakisema "si njia yangu". Mtu aliyepanda baiskeli miaka kumi akipanda pikipiki siku ya kwanza naye huyumba.

Huenda si woga

Kabla hujaendelea, hakikisha. Mama mwenye mtoto wa miezi minne ambaye haandiki ana usingizi, haogopi kitu. Aliyefiwa apewe muda wake. Na ukiona huna hamu ya kuandika, wala kula, wala kuonana na watu, wiki baada ya wiki, hilo lipeleke hospitali, usilitafutie dawa kwenye makala ya uandishi.

Kuna pia kutojua tu. Mwandishi mmoja alikwama kwenye kesi ya mahakamani kwa nusu mwaka akidhani amelaaniwa. Hakuwahi kuingia mahakamani. Alikwenda mahakama ya mwanzo akaketi kwenye benchi asubuhi tatu, akaona karani anavyoita majina na mshtakiwa anavyotafuta pa kuweka mikono yake. Sura ikaandikika.

Ulikataliwa mara moja, ukaacha

Ulituma mswada. Ulikaa miezi minane. Ulijibiwa mistari miwili, au hukujibiwa. Tangu hapo kila ukikaa kuandika unasikia ile mistari miwili.

Mimi nilinyamaziwa na mchapishaji mmoja mwaka mzima, na nilisoma kimya kile kama hukumu. Baadaye, nilipoanza kuwa upande wa pili wa meza, nikaona mambo yanavyokwenda. Wachapishaji wetu wengi wanaishi kwa vitabu vya shule. Riwaya isiyo na matumaini ya kuingia kwenye orodha ya kufundishwa ni hasara wanayoihesabu kabla ya kufungua ukurasa wa kwanza. Mswada wako unaweza kukataliwa kwa urefu wake, kwa tukio moja ambalo halitapita kwa wakaguzi wa vitabu vya wanafunzi, au kwa sababu fedha za mwaka zimekwisha. Yote hayo hayakuambii kama sura yako ya tatu ni nzuri.

Wala kuchelewa si hukumu. Kitabu cha Shaaban Robert, *Kufikirika*, kilichapishwa mwaka 1967. Mwenyewe alikuwa amefariki mwaka 1962. Sasa kinasomwa na watoto ambao babu zao walikuwa wadogo alipokufa.

Kwa hiyo kila jibu lipange kwenye moja ya mafungu haya. Likitaja jambo mahususi, kwamba katikati inasinzia au wahusika wawili wanafanana, hilo ni zawadi, mhariri ametumia muda wake juu yako, na utalifanyia kazi. Likiwa la jumla, liandike tarehe, ulifunge. Na kabla hujatuma popote, andika mswada utakwenda wapi ukirudi: mchapishaji wa pili, wa tatu, au tuzo zinazopokea miswada isiyochapishwa, kama ile ya Mwalimu Nyerere nchini Tanzania au ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili. Liamue hilo ukiwa na moyo mzima. Barua ikirudi, hutalazimika kuamua ukiwa umeumia.

Kazi imekamilika, lakini hakuna aliyeiona

Imelala kwenye droo au kwenye simu. Unasema bado unaipiga msasa. Umeupiga miaka miwili, na siku hizi unabadilisha koma unazirudisha.

Hapa uliza unamwogopa nani, kwa jina. "Watu" si jibu. Nikimbana mtu kidogo, "watu" huwa ni shangazi, mwalimu wa zamani, mume, au wale wa kundi la familia la WhatsApp. Watasema ni wao. Watasema umetoa siri za nyumba nje. Hofu hii siipuuzi, kwa sababu wakati mwingine ni kweli: kuna mambo ya mtu mwingine ambayo si yako kuyatoa, na kubadilisha jina la mtaa hakutamficha dada yako kama kijiji kizima kinajua nani aliachika mwaka gani. Katika hali hiyo kamuulize mwenyewe, au subiri. Lakini mara nyingi hatujauliza. Tumemjibia.

Mpe msomaji mmoja. Asiwe anayekupenda sana wala anayekushindania. Umpe swali moja tu, lisilo "Je, ni nzuri?". Muulize: ulichoka ukurasa gani? Swali hilo mtu yeyote anaweza kulijibu bila kukuumiza na bila kukudanganya.

Mimi niliyekuwa nikimwogopa alikuwa mama. Shairi la kikaango nilikaa nalo miaka minne. Nilidhani atalia, au ataona nimemwanika, au ataniuliza kwa nini nilijifanya sijasikia, na hilo la mwisho ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi. Nilimsomea jioni moja uani, akichambua mchele kwenye ungo. Nilisoma upesi. Nilipomaliza aliendelea kuchambua, akatoa kijiwe, akakitupa.

"Kikaango hakikuwa chetu," alisema.

"Kilikuwa cha nani, mama?"

"Cha jirani wa nyumba ya pili. Changu kilikuwa kimetoboka. Kila asubuhi nikimaliza nampelekea vitumbua sita, ndiyo kodi yake. Miaka miwili, mwanangu. Sita kila siku." Akapepeta ungo. "Hilo hukuliandika."

Nikaenda ndani kuchukua daftari.